Saa Iliyobadilishwa Uso

Katika biashara nyingi, aliyetunza kitu chake hupata bei nzuri kuliko aliyekitelekeza. Biashara ya saa za kale za wapiga mbizi haiko hivyo. Huko, saa iliyopelekwa kwa fundi kila ilipohitaji, ikasafishwa, ikapewa uso mpya na mishale mipya, hushuka thamani. Ile iliyosahaulika kwenye droo miaka 50, uso wake mweusi ukapauka hadi ukawa rangi ya kahawa, hugombaniwa mnadani. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili wa falsafa na saa za bei hiyo naziona pichani tu, lakini swali lake limenikaa kichwani kuliko mada nyingi za darasani: je, kukitengeneza kitu ni kukipunguzia ukweli wake?

Tuanze na kazi ya saa yenyewe. Mwaka 1953 kampuni ya Blancpain ya Uswisi ilitoa saa iitwayo Fifty Fathoms, yaani pima hamsini, kina cha mita 91 hivi. Wapiga mbizi wa jeshi la Ufaransa, wakiongozwa na Robert Maloubier, walikuwa wakitafuta saa ya kutegemewa, kwa sababu hewa ya mtungi haiongezeki ukiwa chini. Ndiyo maana ikawekwa pete inayozunguka pembeni mwa kioo: mpiga mbizi huilinganisha na mshale wa dakika kabla ya kuzama, na baadaye hujua kwa kutupa jicho tu amekaa chini muda gani. Ikawekwa rangi ing'aayo gizani, na mipira ya kuzuia maji. Mwaka huohuo Rolex nayo ikaja na Submariner. Sasa, mipira huoza na rangi hufifia. Aliyeitengeneza saa ya mbizi alijua kwamba itafunguliwa na vitu vyake vitabadilishwa. Isiyofunguliwa kamwe, siku moja itaingia maji.

Mkusanyaji wa leo anaisoma saa hiyo kwa namna nyingine. Akishika Submariner ya miaka ya 1960, hahangaiki kwanza kujua kama inatembea. Anatwaa lenzi na kutazama chini kabisa ya uso, pale mshale mfupi unapofika tukasema ni saa kumi na mbili. Akikuta maandishi madogo "T<25", anajua kwamba rangi ile ina tritiamu. Nguvu ya tritiamu hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 12 na ushei, hivyo baada ya miaka 50 imebaki kama asilimia 6 tu. Uso wenye maandishi hayo ukiwaka usiku kucha, basi kuna mkono wa mtu umepita. Mishale ikiwa myeupe na alama za uso zimegeuka njano, swali ni lilelile. Yaani kasoro ndiyo shahidi, na uzuri ndio unaotiliwa shaka.

Wanafalsafa wana fumbo lao la siku nyingi, ambalo Plutarch aliliandika: meli ya Theseus iliyohifadhiwa Athens, mbao zake zikabadilishwa moja baada ya nyingine, je, ni meli ileile? Watu wa pwani yetu wamelijibu bila kulumbana. Jahazi hutolewa ubao uliooza, likapigwa kalafati upya, likarudi baharini kwa jina lilelile, na hakuna nahodha aliyeitwa tapeli kwa hilo. Jembe la bibi hubadilishwa mpini mara nne na likabaki jembe la bibi. Lakini anayenunua jahazi ananunua safari zijazo. Mkusanyaji ananunua safari zilizopita, na kwake uso wa saa ni kama hati. Ukiifuta hati na kuandika upya kwa mwandiko mzuri zaidi, hujaitengeneza.

Na hati hiyo ina mambo mazito. Kabla ya tritiamu, nyuso za saa zilipakwa radiamu. Nchini Marekani, katika miaka ya 1910 na 1920, kazi hiyo ilifanywa na wasichana waliofundishwa kuinoa ncha ya brashi kwa midomo yao, na wengi waliugua mifupa ya taya na kufa. Uso wa zamani wenye radiamu bado unatoa mionzi leo, ingawa mwanga wake umekwisha. Fundi akiukwangua kwa sababu za usalama, anafanya jema. Ila ameondoa pia kumbukumbu. Kwa hiyo siwezi kuwacheka wakusanyaji kwamba wanaabudu uchakavu. Kuna wanachokilinda.

Mjomba wangu, baharia mstaafu wa Tanga, hakubaliani nami. Ana Seiko ya mbizi, namba 6309, aina iliyotengenezwa kati ya 1976 na 1988. Namba ya nyuma inaanza na 05: tarakimu ya kwanza ni ya mwisho wa mwaka, ya pili ni mwezi, hivyo ni Mei 1980. Iliwahi kuingia maji ya chumvi, fundi akaiwekea uso mwingine wa spea. Mwaka jana kijana mmoja alikuja kuitazama, akaigeuzageuza, akasema, "Shikamoo tena mzee, lakini hii siyo orijino. Uso umebadilishwa."

Mjomba akacheka. "Hata mimi meno ya mbele yamebadilishwa. Kamuulize mke wangu kama nimekuwa mtu mwingine." Kisha akaongeza, "Ungeniuliza, ningekwambia."

Hoja ya meno ni nzito, na sijui mwalimu gani angeijibu kwa haraka. Ni ile ya pili iliyonikereketa: ungeniuliza. Cicero alisimulia habari ya mfanyabiashara aliyefika kisiwa cha Rhodes na shehena ya nafaka wakati wa njaa, huku akijua kwamba meli nyingine ziko njiani. Je, awaambie wanunuzi, au anyamaze auze kwa bei ya juu? Kwa Diogenes wa Babylon, kunyamaza si kuficha. Kwa Antipater, mtu anawiwa na wenzake kile anachokijua. Cicero mwenyewe alisimama na Antipater.

Mnada mmoja wa Geneva unanifanya nisimame nao. Novemba 2021, Omega Speedmaster iliyosemwa kuwa ya 1957, yenye uso uliopauka vizuri, iliuzwa kwa zaidi ya faranga milioni 3.1 za Uswisi, na mnunuzi alikuwa makumbusho ya Omega yenyewe. Mwaka 2023 kampuni ikatangaza kwamba saa ile ilikuwa imeungwaungwa kwa vipande vya saa mbalimbali, na kwamba watu waliokuwa wafanyakazi wake walihusika. Haikuwa saa ya mbizi, ila inatufaa. Hata kama kila kipande kingekuwa cha kale, uongo ungebaki palepale, maana haukukaa kwenye chuma. Ulikaa kwenye habari iliyosimuliwa juu ya chuma.

Hapo ndipo ninapotengana na wakusanyaji, na na mjomba pia. Wakusanyaji wanaiadhibu saa kwa kutengenezwa, wakati kosa, kama lipo, ni la mtu aliyenyamaza. Mjomba anadhani amemaliza wajibu wake kwa kuwa tayari kujibu. Lakini asiyejua hajui hata la kuuliza. Kijana yule alikuwa na jicho. Angekuja mwingine asiye nalo, swali lisingeulizwa, na saa ingeondoka na uso wake mpya na jina lake la zamani. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kilichotengenezwa kikatajwa si kibaya.

Mafundi wengine huurudisha uso wa zamani kwa mwenye saa, ndani ya bahasha yenye tarehe. Naona bahasha hiyo inatosha. Saa inaweza kurudi majini bila hofu, na anayefuata akaikuta pamoja na yote yaliyoipata, bila kulazimika kuwa mjuzi ili aambiwe ukweli.