Masikio Mawili ya Mwendesha Mdahalo

Ndugu msomaji, huenda ukauliza: mdahalo wa wagombea katika televisheni una uhusiano gani na dini? Mtume Mtukufu s.a.w. alipomtuma Seyidna Ali r.a. Yemen, alimwagiza asihukumu baina ya wawili kabla ya kumsikia wa pili. Mwendesha mdahalo naye ni mfano wa kadhi. Nairobi, Februari 2013, wagombea urais wote 8 walisikilizwa. Mwaka 2017 Raila Odinga alisimama peke yake, na 2022 William Ruto vilevile, kwa kuwa mpinzani hakufika. Je, aliyefika anyamazishwe? Hasha! Aliyekataa wito amejinyima mwenyewe; lakini wapiga kura bado wana haki ya kuzisikia hoja zake. Basi wagombea wetu wa Mafia wakikutanishwa Kilindoni na mmoja asifike, mwulizaji na aje na ilani ya chama cha asiyekuwapo, amhoji aliyefika kwayo, bila kumkejeli aliyebaki nyumbani.