Picha Haiui?

Mimi hupenda kulala hemani mbugani, kamera pembeni. Lakini kila safari ya Maasai Mara huniachia swali: jicho langu lina haki gani juu ya tumbo la duma?

Duma huwinda mchana, akikwepa simba na fisi. Mwanga anaoutegemea ndio tunaoutaka wapiga picha. Magari yakimzunguka, swala hushtuka, naye hushinda njaa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba katika Mara, penye watalii wengi, duma jike alilea hadi kujitegemea wastani wa watoto 0.2 kwa kila uzao. Penye watalii wachache, 2.3.

Watu husema picha si risasi, haiui. Sawa, lakini msongamano wa kuitafuta je? Kusema "gari langu ni moja tu" hakunitoshi. Msongamano wowote ni gari moja moja. Na kiingilio? Kinasaidia kumlinda, kweli, ila kinanipa ruhusa ya kuingia tu, si ya kumnyang'anya mwenyeji chakula chake.

Basi mapenzi yetu kwa wanyama tuyapime pia kwa picha tulizokubali kuzikosa.