Alama ya Damu si Hukumu

Jua, ewe msomaji, ya kuwa ini la kupandikizwa ni amana. Limetolewa katika maiti, au kipande chake kimekatwa katika mwili wa aliye hai. Nao walingojeao ni wengi kuliko maini yapatikanayo. Basi kila apewapo mmoja, mwingine hukosa. Ndipo lizukapo swali: je, yafaa mgonjwa kunyimwa ini kwa sababu ya alama ya moyo iliyoonekana katika damu yake?

Alama mashuhuri ni mbili. Ya kwanza ni troponini, protini ya misuli ya moyo: moyo uumiapo, huvuja ikaingia damuni. Ya pili huitwa BNP, iliyotambuliwa mwaka 1988. Hutolewa na moyo ulemewapo na damu. Mwenye ini lililojaa makovu mishipa yake hutanuka, na moyo hufanya kazi bila ya kuonyesha udhaifu wake. Lakini siku ya kupasuliwa, damu ifunguliwapo kupita katika ini jipya, mzigo huja kwa ghafula, na lililositirika hudhihiri. Kwa hiyo wataalamu wameona ya kuwa wenye alama hizo kwa wingi kabla ya kupasuliwa hufa zaidi baadaye kuliko wasio nazo.

Hapa watu hukosea kwa pande mbili. Wako wasemao: "Alama imenena, asipewe." Hawa wamegeuza dhana kuwa yakini. Alama yanena juu ya kundi, wala haimtaji mtu. Na katika kundi hilo hilo wako waishio miaka mingi. Tena troponini hupanda hata kwa maradhi ya figo, nayo mara nyingi huandamana na maradhi ya ini. Wako na wasemao: "Alama isitazamwe kabisa." Hawa nao wamesahau amana; kwani ini likizikwa pamoja na aliyepewa, wamekufa wawili palipoweza kupona mmoja.

Asili ya khitilafu hii ni kuchanganya maswali mawili: nani atakufa upesi asipopewa, na nani ataishi akipewa. Marekani, tangu mwaka 2002, huwapanga watu wazima kwa hesabu iitwayo MELD, ambayo misingi yake ni nyongo iliyo damuni, kazi ya figo na kuganda kwa damu, moyo haumo. Hilo ni swali la haja. Alama za moyo ni swali la manufaa. Kutazama haja peke yake ni kupoteza amana. Na kutazama manufaa peke yake ni kumdhulumu aliye taabani.

Basi lililo haki ni alama iwe mwanzo wa uchunguzi, si mwisho wake. Moyo upigwe picha, mishipa itazamwe, kitibikacho kitibiwe, kisha mgonjwa apimwe tena, naye aambiwe kweli. Na akikataliwa, akataliwe na watu waliomtazama yeye mzima, wawezao kutoa sababu na kujibu waulizwapo. Alama ni shahidi; na shahidi husikizwa, wala haketi mahali pa kadhi.