Kabla Hujafunga Kamera Dukani

Mpwa wangu, nimesikia fundi amekwisha kukuandikia bei ya kamera 24 kwa maduka yako matatu, la Kariakoo, la Morogoro na la Mbeya. Nafurahi kwamba unalinda mali uliyoitolea jasho. Ila karatasi hiyo ya bei iweke kando kwanza. Hujaniambia unataka kuona nini, na fundi naye sidhani kama alikuuliza.

Nimetunza stoo za watu miaka mingi, nikaona mali inakopotelea. Mwizi wa usiku yupo, lakini mali nyingi huondoka mchana: mzigo unaposhushwa na katoni kuhesabiwa kwa kukisia, mteja anapolipa na risiti isitolewe, mlango wa nyuma unapoachwa wazi saa ya chakula. Basi nenda kila duka, simama mahali hapo pote, na kila mahali uandike swali lake. Nani alipokea mzigo, na katoni zilikuwa ngapi? Noti iliyopita kaunta ilikuwa ya shilingi ngapi? Swali la kwanza linataka kamera inayoona eneo zima. La pili linataka kamera iliyo karibu, juu ya droo ya pesa, na kamera moja haiwezi kuyajibu yote mawili. Ya mlangoni usiitundike juu sana, utapata kofia na utosi wa mtu badala ya sura yake. Isitazamane na jua la nje pia, maana kila aingiaye ataonekana kivuli cheusi.

Ukishapata maswali, ndipo uje kwenye hesabu ya kuhifadhi video na kuzitazama ukiwa mbali, na hapa ndipo wengi hupoteza fedha. Kamera moja ya 1080p inayorekodi kwa megabiti 4 kwa sekunde hujaza karibu gigabaiti 43 kwa siku. Kamera nane za duka moja kwa siku 30 ni zaidi ya terabaiti 10. Mfumo wa kubana video wa H.265 unaweza kuipunguza hesabu hiyo hadi karibu nusu, lakini bado ni mzigo mkubwa. Ukitaka video zote zije kwako Dar es Salaam moja kwa moja, duka la Mbeya litahitaji kupandisha megabiti 32 kila sekunde, usiku na mchana. Bando gani litahimili hayo?

Kwa hiyo rekodi kamili ibaki kwenye kinasa cha duka lenyewe. Kamera nyingi za sasa hutoa pia mkondo wa pili wa picha, mwepesi, na huo ndio utakaoutazama kwenye simu ukiwa mbali. Siku ya tukio, utavuta dakika zile unazozihitaji tu. Ukizungumza na kampuni ya intaneti, uliza kasi ya kupandisha. Ile wanayoitangaza kwa kawaida ni ya kushusha.

Kinasa kisikae chini ya kaunta, kwa sababu mwizi ataondoka nacho pamoja na ushahidi wake. Kifungie chumbani. Betri ya UPS nayo isibebe kinasa peke yake: umeme ukikatika na ruta ikazimika, wewe uliye mbali huoni kitu. Na saa, mwanangu, saa! Vinasa vyote vichukue saa kutoka kwenye mtandao, na uilinganishe na saa ya mashine ya risiti (EFD). Risiti ikisema saa nane na dakika kumi, uifungue video ya dakika hiyo hiyo. Saa zikipishana, utamshuku asiyehusika, na jambo hilo ni zito kuliko katoni iliyopotea.

Nywila ya kiwandani ibadilishwe siku ile ile ya kufunga. Mwaka 2016 programu haribifu ya Mirai iliteka kamera na vinasa vingi duniani kwa kujaribu tu nywila za kiwandani. Oktoba mwaka huo vifaa vilivyotekwa vilitumika katika shambulio lililofanya tovuti kubwa kama Twitter na Netflix zisifikike kwa saa kadhaa. Fundi asifungue mlango wa ruta kwa dunia nzima ili wewe uone picha; akutengenezee njia ya faragha ya VPN. Akaunti kuu iwe kwa jina lako, siyo lake.

Sasa wafanyakazi wako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili kwenye Tume inayosimamia sheria hiyo, na sura ya mtu ni taarifa yake. Waite wafanyakazi, uwaonyeshe kila kamera ilipo na ueleze kwa nini ipo. Bandika tangazo mlangoni. Chooni na mahali pa kubadilishia nguo usiguse kabisa, na maongezi yao usiyarekodi. Tena nakusihi, usimpigie muuzaji wa Mbeya kumuuliza mbona amekaa. Ukifanya hivyo mara tatu, atafanya kazi kwa ajili ya kamera, na mteja atasahaulika.

Anza na Morogoro, ambako likiharibika jambo unaweza kwenda na kurudi siku moja. Funga kamera chache, uzitumie mwezi mzima, uone ni maswali gani yamejibiwa. Ukimaliza kuandika hayo maswali njoo nayo nyumbani, tuipitie bei ya fundi mstari kwa mstari.