Shule ya Siri

Je, atenda dhambi mtu avunjaye sheria ili kuwafundisha maskini? Swali hili lilimkabili Nano Nagle, aliyezaliwa mwaka 1718 katika ukoo wenye mali karibu na mji wa Cork, nchi ya Ireland. Siku zile sheria ilimkataza Mkatoliki kufungua shule, na mwalimu aliyekamatwa aliweza kutiwa gerezani.

Kwanza Nano alikwenda Ufaransa kutafuta utawa, apate kuwaombea maskini. Lakini moyo haukutulia, naye akarudi. Katika miaka ya 1750 alikusanya wasichana 30 hivi kwa siri, na kabla ya miezi 9 kwisha, watoto walifika 200 hivi.

Hata kaka yake hakujua, mpaka maskini mmoja alipomwendea kumsihi mtoto wake apokelewe katika shule ya Bibi Nagle! Kaka akawaka hasira. Wala hofu yake haikuwa ya upumbavu, kwani hasara ingewaangukia jamaa wote, na yeye hakuulizwa. Hapo ndipo ugumu wa swali. Sheria imnyimayo mtoto elimu haina haki ya kutiiwa. Lakini kaka alikuwa na haki ya kujua hatari iliyomkaribia. Pengine Nano alimkosea. Hata hivyo, kama angalimwuliza, shule isingalifunguliwa.

Baadaye kaka alipatana naye. Kufikia mwaka 1769 shule zilikuwa 7. Sheria ililegezwa mwaka 1782, miaka 2 kabla Nano hajafa. Wanafunzi wake wa kwanza walikuwa wamekwisha kufikia umri wa kuwa wazazi.