NI JUA LILIWAUA, AO UPWEKE?

Katika mwezi wa 8 wa mwaka 2003, joto kali lilipiga inchi ya Ufaransa. Watu karibu 15,000 walikufa, wengi wao wazee. Hospitali zilijaa wagonjwa, na ilikuwa wakati wa likizo: watumishi wengi hawakuwapo.

Je, ni jua liliua? Ndiyo. Joto la mwili likipita digri 40, akili inavurugika, na mtu anaweza kufa kwa saa chache. Lakini mzee mgonjwa hasikii kiu vizuri, wala hana nguvu ya kujifunua blanketi. Anahitaji mkono wa mtu mwingine, wenye maji na kitambaa kilicholoana.

Kule Paris, maiti 57 hazikupata jamaa wa kuzichukua. Tarehe 3 mwezi wa 9 zilizikwa Thiais, Rais Chirac akiwapo.

Joto halina kosa, kwa maana halina moyo. Kosa ni letu sisi tulio na moyo. Basi ndugu, uko na mgonjwa hospitalini? Usiseme: “Waganga wako pale.” Nenda, ukae karibu naye.