Miezi Hii ni ya Nani?

Hutokea mara nyingi, bara na visiwani, kwamba majibu ya vipimo yanapotoka, mwenye damu iliyopimwa si wa kwanza kuyasikia. Daktari humwita kaka mkubwa, au mume, au mtoto aliyesoma, akasimama naye ushorobani na kumweleza kwa sauti ya chini: ni saratani ya damu, imekwisha komaa, pengine miaka miwili, pengine miezi tu. Kisha jamaa hurudi chumbani na uso wa kawaida. Mgonjwa huambiwa kuwa damu imepungua, ale mchicha na maini, na inshaallah atapona. Tangu saa ile nyumba nzima huishi na siri, na anayefichwa ni yule ambaye habari ni yake.

Desturi hii haikuzuka kwa ubaya. Ina huruma ndani yake, na ina hoja pia. Hoja yenyewe ni kwamba ajali iko kwa Mola, na mja anayetaja miezi amejitwika kazi isiyo yake. Leo neno ajali likitajwa, msikiaji hufikiria gari lililopinduka. Lakini wazee waliposema ajali haina kinga, hawakuwa na gari akilini. Ajali kwao ilikuwa ule muda uliokwisha pangwa, usiosogea mbele wala nyuma. Kwa maana hiyo ya kale, ni kweli kabisa kwamba hakuna daktari aijuaye ajali ya mtu, wala kipimo kinachoionyesha.

Lakini je, daktari amedai kuijua? Anachokitaja ni kitu kingine. Na tuchukue mfano wa mieloma, saratani ya chembe za kinga zilizomo katika uboho wa mifupa. Mwaka 2005 ulichapishwa utaratibu wa kimataifa wa kuugawa ugonjwa huo katika madaraja matatu kwa kupima protini mbili tu za damu. Ulitokana na kumbukumbu za wagonjwa 10,750. Katika daraja la kwanza, nusu ya wagonjwa waliishi zaidi ya miezi 62. Katika la pili, miezi 44. Katika la tatu, lililo zito kuliko yote, miezi 29. Nusu walifariki kabla ya hapo, na nusu wakapindukia, baadhi yao kwa miaka mingi. Basi hiyo 29 si umri wa mtu yeyote. Ni alama iliyowekwa katikati ya umati.

Tena umati huo una mahali pake na wakati wake. Hospitali zilizotoa kumbukumbu zilikuwa Amerika ya Kaskazini, Ulaya na Asia, Afrika haikuwamo. Na wengi wa wagonjwa wale walitibiwa kabla dawa mpya hazijaenea. Kwa hiyo hesabu ileile yaweza kuwa fupi mno kwa anayepata dawa za leo, na ndefu mno kwa aliyechelewa kufika hospitali na hana fedha za kuzinunua. Iko lukemia sugu ya aina ya mieloidi ambayo zamani wengi hawakuishi nayo ila miaka michache. Kidonge cha imatinibu, kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2001, kimewafanya wengi wanaokipata mapema na kukimeza kila siku wakaribie umri wa watu wengine. Aliyehesabiwa miaka yake mwaka 2000 hakudanganywa, ila hesabu ilimpita.

Mfasiri akitafuta neno la hesabu za namna hii huishia kwenye matarajio, na neno hilo limetokana na Kiarabu, ambako raja ni tumaini. Kiswahili kimelilegeza: twatarajia mvua, twatarajia na njaa. Kwa hiyo mgonjwa aambiwapo matarajio yake ni miezi kadhaa, hajui kama amepewa tumaini au amepokonywa.

Edward Said, Mpalestina aliyefundisha fasihi New York, aligunduliwa kuwa na lukemia sugu ya limfu mwaka 1991. Mwezi mmoja baadaye alijikuta katikati ya barua anayomwandikia mama yake, naye mama alikuwa amekwisha kufa mwaka mmoja na nusu nyuma. Mei 1994, akipumzika baada ya kutiwa dawa kali, alianza kuandika kumbukumbu za utoto wake. Kitabu kikatoka mwaka 1999. Alifariki Septemba 2003. Kujua hakukumuua, pengine ndiko kulikomketisha mezani.

Susan Sontag alikuwa kinyume chake. Alikwisha kuishinda saratani moja ambayo ilitazamiwa kumuua katika miaka ya 1970, na ilipokuja ya damu mwaka 2004 hakutaka kusikia ila habari za kupona. Alipandikizwa uboho huko Seattle, haukushika, akafariki Desemba mwaka uleule. Mwanawe, David Rieff, alimfuata katika tumaini lake, na katika kitabu alichokitoa mwaka 2008 ameeleza jinsi alivyokosa nafasi ya kumuaga mama yake, na jinsi asivyojua hata sasa kama alifanya sawa.

Lakini haifai kumtumia Sontag kuitetea siri ya ushorobani. Yeye alichagua. Mgonjwa wetu hakuulizwa. Anayesema kwamba jamaa wanambebea mzigo asisahau kuwa wanambebea na madeni yake asiyoyalipa, na wasia asiouandika, na ndugu asiyesemeshana naye miaka kumi ambaye angemwita lau angejua. Na kumrushia mtu tarakimu usoni, kisha kwenda kitanda kinachofuata, ni ukatili wa namna nyingine. Neno la kwanza lingekuwa swali: wapenda kujua kiasi gani, na nani awepo ukiambiwa?

Wagonjwa wengi, wakipewa nafasi, hata hawaulizi miezi. Mama aliyelala na chupa ya damu mkononi huuliza kama ataiwahi harusi ya binti yake, iliyopangwa baada ya Mfunguo Tatu. Hilo daktari anaweza kulijibu bila kuigusa ajali ya mtu. Anaweza kusema: mwanangu wa kike na angekuwa ndiye bibi harusi, ningeiweka mwezi ujao.